Uliza Ujibiwe: Kwa nini leja za benki kubwa bado zimo kwenye kompyuta kuu

Barua za wasomaji wa Tanga safari hii zimeelemea upande mmoja: pesa, benki, na mashine zinazotunza hesabu. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la barua moja linaegemea jibu la nyingine. "Kompyuta kuu" humu ni zile mashine ambazo mafundi wake huziita meinifremu, si seva (kompyuta ya kuhudumia nyingine kwenye mtandao) yoyote kubwa tu. "Leja" ni daftari la benki lenye masalio ya wateja wote.

Assalaam alaykum. Nauza samaki Deep Sea. Binamu yangu yuko Uingereza, anafanya kazi benki, na anasema hesabu za wateja wao zimo kwenye kompyuta kuu ya tangu miaka ya sitini. Benki yenye fedha zote hizo, mbona haitupi hilo chuma chakavu ikanunua jipya? (Mama wa samaki, Deep Sea)

Wa alaykum salaam, mama. Chuma si chakavu. Kilicho cha zamani ni programu, na huenda hiyo mashine ni mpya kuliko simu yako.

Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta za System/360, na tangu hapo imeshika ahadi moja: programu iliyoandikwa kwa mashine ya jana iendelee kufanya kazi kwenye mashine ya leo. Anwani za kumbukumbu, yaani namba zinazoonyesha kila kitu kimewekwa wapi, zilianza na biti 24 (tarakimu 24 za 0 na 1), zikawa 31 miaka ya 1980, zikafika 64 mwaka 2000, na hadi leo programu ya biti 24 inapokewa. Mashine ya IBM ya z16 iliyotoka mwaka 2022 inaweza kubeba hadi prosesa 200 za kazi na kumbukumbu ya terabaiti 40. Ni kama daftari lako la madeni. Likijaa unanunua jingine, ila namna unavyoandika nani anadaiwa na nani kalipa haibadiliki kwa sababu ya karatasi mpya.

Sasa kwa nini mashine ya aina hii? Mteja wako akituma shilingi 85,000 kutoka akaunti yake kwenda yako, kompyuta inasoma salio lake, inalifunga ili mtu mwingine asiliguse, inapunguza 85,000, inaongeza 85,000 kwako, inaandika kumbukumbu ya yote hayo, ndipo inafungua. Hatari iko katikati: ametolewa, wewe hujapewa, na umeme umekatika. Dawa yake ni kuandika kwanza kwenye jarida la diski ni kitu gani kinabadilishwa, kutoka thamani gani kwenda thamani gani, kabla ya kuligusa salio lenyewe. Mashine ikiwaka tena inasoma jarida. Muamala uliokamilika unathibitishwa, ulioishia njiani unarudishwa nyuma wote. Ama yote yamefanyika, ama hakuna lililofanyika. Programu kama CICS na IMS, zote za miaka ya 1960, ziliundwa kusimamia kazi hiyo kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na mpaka leo ndiyo kazi yake.

Kama tatizo ni wingi wa miamala, si unganisha seva ndogo 500? Kampuni za intaneti zinafanya hivyo na zina watu wengi kuliko benki yoyote. (Fundi kompyuta, barabara ya nane, Ngamiani)

Inawezekana, na zipo benki zilizofanya. Lakini tazama mzigo wenyewe ulivyo. Ukitafuta neno kwenye intaneti, seva moja ikakupa orodha ya dakika tano zilizopita, hakuna aliyeumia. Salio la dakika tano zilizopita ni pesa inayotoka mara mbili.

Ukigawa akaunti kwenye seva 500, ya mtumaji itakaa seva ya 12 na ya mpokeaji seva ya 340. Lazima zikubaliane kwa hatua mbili. Kwanza kila moja inasema "niko tayari", kisha msimamizi anatoa amri ya kukamilisha. Msimamizi akifa baada ya hatua ya kwanza, akaunti zote mbili zinabaki zimefungwa zikingoja amri isiyokuja, na mteja anaambiwa muamala unashughulikiwa. Tena kuna akaunti zisizogawika. Kampuni inayokusanya malipo ya watu laki moja ina akaunti moja, na wote laki wanagonga mstari uleule wa leja. Kuongeza seva hakupunguzi foleni hiyo hata kidogo.

Kwenye kompyuta kuu mambo hayo yanamalizwa ndani ya kumbukumbu moja. Mashine hadi 32 zinaweza kuunganishwa zikashirikiana data zilezile, moja ikizimwa kwa matengenezo nyingine zinaendelea. Kazi ya kuzungumza na diski haibebwi na prosesa kuu. Ina prosesa na njia zake, ndiyo maana mashine hizi hukimbizwa kwa zaidi ya asilimia 90 ya uwezo siku nzima bila kuyumba, jambo ambalo msimamizi wa seva za kawaida hathubutu.

Halafu kuna uangalizi wa makosa, na hapa ndipo pesa yake inapokwenda. Prosesa inakagua matokeo yake yenyewe. Ikikuta kosa inarudia amri hiyo, na kosa likikataa kuondoka hali yote ya kazi inahamishiwa prosesa ya akiba iliyomo humohumo kwenye mashine. Programu haijui kilichotokea. Kumbukumbu nayo imepangwa kwa namna ya diski za RAID (diski kadhaa zinazotunziana data), kipande kizima kikifa data haipotei.

Umbali ndio unaobana wote, wa kompyuta kuu na wa seva ndogo. Benki inataka nakala ya pili mbali, ili moto au mafuriko ya mji mmoja yasifute leja. Nuru ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Chukua benki ya mfano yenye kituo kikuu Dar es Salaam na cha akiba hapa Tanga, kebo ikifuata barabara, kilomita 350 hivi: kwenda na kurudi ni milisekunde 3.5. Ni kidogo mno kwa mtu aliye dirishani. Lakini kazi ya usiku yenye maandishi 1,000,000 yanayofuatana, kila moja likingoja jibu la Tanga, itasubiri sekunde 3,500, karibu saa nzima ya kungoja nuru tu. Kwa hiyo benki nyingi huweka kituo cha pili karibu kwa nakala ya papo kwa papo, na cha tatu mbali kwa nakala inayochelewa sekunde chache.

Rai yetu, fundi: benki inayozaliwa leo, isiyo na mzigo wa nyuma, haina sababu ya kuanza na kompyuta kuu. Iliyo nayo tayari ina hesabu nyingine ya kupiga, tutaifikia chini.

Benki zetu hapa Tanga zinazo? (Msomaji, Chumbageni)

Kwa kawaida hapana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na benki zetu nyingi zimezaliwa au kuundwa upya miaka ya 1990. NBC ya zamani iligawanywa mwaka 1997. Zilipohitaji mfumo zilikuta programu zilizo tayari sokoni, mfano T24 ya Temenos au Flexcube ya Oracle, zinazokaa juu ya seva za kawaida zenye mfumo endeshi wa Unix au Linux. Kanuni za jarida, kufunga salio na kufunga hesabu za siku ni zilezile. Na ukitumia kadi ya Visa kwenye mashine ya benki nyingine, ombi lako linaweza kupita kwenye kompyuta kuu bila wewe kujua, maana Visa kwa miongo mingi imetegemea mfumo wa TPF, mfumo ambao chimbuko lake ni ukataji wa tiketi za ndege.

Mwalimu wetu wa kompyuta alituonyesha kwamba 0.1 ikijumlishwa mara kumi haifiki 1. Kama kompyuta haiwezi hesabu ya darasa la nne, benki inaiaminije? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Makorora)

Mwalimu wako amekuonyesha jambo la maana kuliko sura nzima ya kitabu. Kompyuta nyingi huandika desimali kwa vizio vya mbili, na 0.1 kwa mfumo huo haiishi, kama vile theluthi moja isivyoisha kwenye desimali zetu. Inakatwa mahali. Ukijumlisha mara kumi unapata 0.9999999999999999.

Leja haikubali hilo, na programu ya benki iliyoandikwa vizuri haitumii namba za aina hiyo kwa pesa. COBOL, lugha iliyoanza kuundwa na kamati nchini Marekani mwaka 1959, inahesabu kwa kumi kama wewe na karatasi yako. Kwenye kompyuta kuu kila tarakimu inachukua nusu baiti, na nusu baiti ya mwisho ni alama: C kwa chanya, D kwa hasi. Shilingi 12,345.67 kwenye nafasi ya tarakimu tisa hukaa baiti tano hivi:

00 12 34 56 7C

Ikiwa ni deni, mwisho wake ni 7D. Mtu anaisoma kwa macho, na prosesa ina amri za chuma za kujumlisha namba za umbo hilo moja kwa moja.

Kosa maarufu linatoka hapohapo. Faili likiletwa kutoka nje na nafasi ya pesa ikaachwa tupu, nafasi tupu kwa EBCDIC, mpango wa mashine hizi wa kuipa kila herufi namba yake, ni 40, hivyo leja inakuta 40 40 40 40 40. Nusu baiti ya mwisho ni 0, na hiyo si alama halali. Kazi inasimama na msimbo S0C7, ambao kila mwandishi wa COBOL anaujua. Wanaoanza hukasirika. Sisi tunaona ndivyo inavyopaswa: afadhali kazi isimame saa nane usiku kuliko iendelee na jumla ya uongo.

Lakini kuhesabu kwa kumi hakumalizi yote, bado kuna kukata na kukadiria. Chukua akiba ya shilingi 1,250,000 kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Kwa siku moja ni 87,500 gawanya kwa 365, yaani 239.726027 na kuendelea. Ukikata kwenye desimali mbili kila siku (COBOL inakata, isipoambiwa kukadiria kwa neno ROUNDED) siku 30 zinakupa 7,191.60. Ukikadiria kila siku unapata 7,191.90. Jibu la kweli ni 7,191.78. Kwa hiyo riba ya siku hutunzwa kwa desimali tano au zaidi, 239.72602, na kukadiriwa mara moja tu siku inapoingizwa kwenye akaunti. Senti 18 ni kitu gani? Benki yenye akaunti 200,000 za namna hiyo itakuwa imewapunja wateja shilingi 36,000 kwa mwezi, na mkaguzi atauliza zimeenda wapi. Ni sawa kumuuliza karani wa SACCOS yenu programu yao inakadiria wapi.

Mimi ni mstaafu wa shamba la mkonge, Hale. Mashine ya ATM ilinikata 200,000 na noti hazikutoka. Pesa imeenda wapi? (Mzee, Hale)

Shikamoo mzee. Pesa ipo, imekwama kati ya jumbe mbili.

Ukibonyeza kiasi, ATM inatuma ombi kwa benki yako. Benki inapunguza salio na kurudisha ruhusa. Ruhusa ikichelewa njiani, au ikifika lakini mtambo wa kuhesabu noti ukakwama, ATM inapaswa kutuma ujumbe wa tatu wa kufuta, na salio linarudi. Mtandao ukiwa umekatika kabisa, ujumbe huo unawekwa akiba mpaka njia ifunguke, kwa hiyo pesa inaweza kurudi baada ya dakika chache au baada ya saa kadhaa. Usipofika kabisa, tofauti huonekana wakati noti za mashine zinapohesabiwa na kulinganishwa na jarida lake, kwa maana zitakuwa zimezidi kwa 200,000 kamili.

Usirudie kutoa hapohapo kabla hujaangalia salio. Tunza risiti ikiwa imetoka, kwa sababu namba ya ufuatiliaji iliyo juu yake ndiyo inayotafutwa kwenye jarida. Kama haikutoka, andika tarehe, saa na dakika, mahali mashine ilipo na kiasi. Nenda kwenye benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ilikuwa ya benki nyingine, ujaze fomu ya malalamiko na uondoke na nakala yenye muhuri. Maneno ya mdomo dirishani hayafunguliwi jalada.

Kwa nini usiku menyu ya nyota na reli inanijibu huduma haipatikani? (Wakala, Pangani)

Kuna usiku mwingine ni mnara tu, au njia kati ya kampuni ya simu na benki. Kipimo rahisi: kama kadi ya benki hiyohiyo inatoa pesa kwenye mashine ya benki nyingine, leja mara nyingi iko hai na tatizo ni njia yako.

Lakini mara nyingi ni kufunga siku. Leja inabadilisha tarehe, inapiga riba, inakata makato, inapitisha malipo ya kudumu, inahakikisha jumla ya waliotolewa ni sawa na jumla ya waliopewa, inachukua nakala, ndipo inafungua kesho. Kazi hizo zinafuatana kwa mamia, na kila moja inangoja msimbo wa iliyotangulia: 0 ni salama, 4 ni onyo, 8 na kuendelea ni kusimama. Benki nzuri huwaacha wateja waendelee kwa kutumia nakala ya salio la jioni, na miamala ya usiku inapitishwa leja ikifunguka.

Anayepanga foleni hiyo ni programu yenyewe, na ndiye anayesahaulika. Juni 2012 kundi la benki la RBS nchini Uingereza liliboresha programu ya kupanga kazi za usiku. Ilileta matatizo, wakairudisha ya zamani, bila kupima kama ya zamani bado inapatana na kazi zilizokwisha kupita kwenye mpya. Haikupatana. Wateja milioni 6.5 waliguswa, mishahara ikachelewa, na Novemba 2014 wasimamizi waliitoza benki faini ya jumla ya pauni milioni 56. Kompyuta kuu zilikuwa nzima. Tunalirudia hili kwa kila msimamizi wa mfumo anayetuandikia: njia ya kurudi nyuma nayo hupimwa, kwa data halisi, kabla ya siku yenyewe.

Basi si zihame tu zimalize? (Fundi wa barabara ya nane, barua ya pili)

Ndiyo hesabu tuliyokuahidi. Gharama ya kubaki ni kubwa. Programu za IBM kwenye mashine hizi kwa kawaida hulipiwa kwa kilele cha mwezi, yaani wastani wa matumizi wa saa nne uliozidi yote mwezi huo, hivyo wateja wanapoangalia salio kwenye simu siku ya mshahara, kilele hupanda na bili hupanda nacho. Benki nyingi sasa hunakili masalio nje, zikaacha maswali yajibiwe huko na maandishi tu yaingie kwenye leja kuu. Hapo ndipo tungeanza sisi.

Gharama ya kuhama imejificha. Ndani ya programu ya miaka 40 mna kanuni ambazo hazikuandikwa penginepo: mkopo wa aina fulani uliofutwa 1987 lakini wenye wateja 300 bado hai, namna ya kupiga riba mwaka mrefu, akaunti za marehemu. Herufi zenyewe hupangika tofauti. Kwenye EBCDIC herufi huja kabla ya tarakimu, kwenye seva za kawaida tarakimu hutangulia, na ripoti iliyotegemea mpangilio huo inaharibika bila kutoa onyo lolote.

Commonwealth Bank ya Australia ilianza kubadilisha mfumo wake mwaka 2008, ikatumia miaka mitano hivi na dola za Australia zaidi ya bilioni moja, ikafaulu. TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake milioni 5.2 kwa wikiendi moja ya Aprili 2018. Ilikuwa na vituo viwili vya data vinavyopaswa kufanana, lakini jaribio la mzigo lilifanyika kwenye kimoja tu. Watu walifungiwa nje ya akaunti zao, hali ikarudi sawa Desemba, na mwaka 2022 ikaja faini ya pauni milioni 48.65.

Anayelazimika kuhama ahame kwa mafungu. Aanze na bidhaa moja yenye wateja wachache, aendeshe leja mbili sambamba kwa miezi isiyopungua mitatu ili apite mwisho wa robo mwaka, na kila asubuhi alinganishe akaunti kwa akaunti. Kulinganisha jumla peke yake hakutoshi, kwa maana makosa mawili yanayopingana huficha kila moja mwenzake.

Nina laptopu tu. Naweza kujifunza COBOL hapa Tanga? (Kijana, Sahare)

Unaweza, bure. Kwenye Ubuntu (aina ya Linux) sakinisha gnucobol kwa amri ya apt, andika faili riba.cob, kisha tunga kwa amri cobc -x riba.cob. Mtindo wa kawaida una safu zake: 1 hadi 6 ni namba za mistari, 7 ni alama, 8 hadi 11 vichwa vya sehemu, 12 hadi 72 amri zenyewe. Kinachopita safu ya 72 hakisomwi, wala huambiwi, na mwanzoni hilo litakupotezea jioni nzima. Ukichoka nalo ongeza -free. Ukitaka kuonja kompyuta kuu yenyewe, programu ya Hercules inaigiza mashine hizo juu ya laptopu na inaweza kuendesha MVS 3.8, mfumo endeshi wao wa zamani.

Zoezi la kwanza: andika akaunti tatu kwenye faili, piga riba ya siku kwa siku 30, mara moja kwa ROUNDED na mara moja bila, linganisha na hesabu tuliyompa mwanafunzi wa Makorora. Kisha acha nafasi ya pesa ya akaunti ya pili iwe tupu na utunge tena kwa kuongeza -debug. Programu itasimama ikikwambia si namba. Itunge bila -debug, uone jumla inayotoka.